Mazoezi ya pekupeku Ilazo: sakafu imenishawishi, uwanja haujanishawishi

Ukumbi huu wa mazoezi ya kunyanyua vyuma, ulioko Ilazo hapa Dodoma, hauna bango. Kinachomjulisha mgeni kuwa amefika ni rafu ya mbao iliyoegemezwa ukutani nje ya mlango, ikiwa na raba, ndala, yeboyebo na viatu vya ofisini vilivyojipanga kama nje ya msikiti wakati wa adhuhuri, kwa kuwa sharti la kwanza la mwenye ukumbi ni kwamba hakuna anayekanyaga sakafu yake akiwa amevaa kiatu. Nimefanya mazoezi hapo kwa miezi minne, siku tatu kwa wiki nikitoka kazini Mtumba, na ninaandika tathmini hii kwa sababu wenzangu kadhaa wa ofisini wameniuliza kama kunyanyua vyuma pekupeku kuna maana yoyote au ni mbwembwe za vijana. Ada ni shilingi 5,000 kwa siku au 60,000 kwa mwezi, na anayelipa kwa mwezi hupata maelekezo ya kocha bila nyongeza.

Nianze na sakafu, maana ndiyo hasa anayouza mwenye ukumbi, hata kama yeye mwenyewe anadhani anauza vyuma. Kumbi nyingi za mtaani nilizowahi kuingia zina saruji iliyopasuka au vigae vinavyoteleza jasho likidondoka, na kumwambia mtu avue viatu juu ya sakafu ya namna hiyo ni kumwonea. Hapa saruji imefunikwa kwa mbao za plaiwudi zilizopigwa tabaka mbili, na juu yake umetandazwa mpira mzito mweusi uliokatwa kutoka mikanda ya kubebea mawe migodini, mgumu kiasi kwamba ukiubonyeza kwa kidole gumba haubonyei, lakini hautelezi wala hauna ule ubaridi wa saruji ambao mwezi wa Julai hapa Dodoma humfanya mtu asimame kwa ncha za vidole. Maungio ya vipande vyake yamefungwa vizuri, na katika miezi yote minne sijawahi kukwaa ukingo hata mmoja.

Ugumu huo ndio unaoleta tofauti. Raba za kukimbilia zimetengenezwa ili soli ibonyee na kumeza kishindo cha kila hatua, na kwa mkimbiaji hiyo ni sifa njema. Lakini mtu anapobeba kilo 50 mabegani, soli ile ile hubonyea upande mmoja kuliko mwingine, na mwili wote ulio juu yake huyumba kama gunia kwenye toroli ambalo tairi lake limeisha upepo. Katika zoezi la kunyanyua chuma kutoka chini, ambalo vijana huliita dedilifti, kuna faida nyingine iliyo wazi kwa hesabu tu: soli ya sentimita mbili au tatu ikiondoka, mwendo wa chuma nao hupungua kwa kiasi hicho hicho. Unyayo wa binadamu una mifupa 26 na viungo 33, na vyote hivyo husaidia kuipa akili habari kuhusu mahali uzito ulipoegemea, habari ambayo ikipitia soli nene huifikia akili ikiwa imefifia.

Kocha hufundisha jambo hili kwa lugha ya jikoni, na kwa kweli sijasikia maelezo bora zaidi. Kila anayeanza huambiwa atafute mafiga matatu chini ya unyayo wake, yaani shina la kidole gumba, shina la kidole cha mwisho na kisigino, kisha ahakikishe yote matatu yanagusa sakafu kwa uzito ulio sawa kabla ya kugusa chuma. “Mama, figa moja limezama,” ndivyo anavyoniambia ninapoanza kuegemea kwa ndani, na kabla sijageuza shingo kutazama kioo najua ni mguu upi. Nilianza dedilifti kwa kilo 30, na sasa nanyanyua 70 bila mgongo kulalamika, ingawa sitaki kudai kwamba miguu mitupu ndiyo iliyofanya kazi yote, kwa kuwa kufundishwa vizuri na kutokosa siku ya mazoezi vina mchango mkubwa zaidi.

Kwenye kuchuchumaa na chuma mabegani, mambo yalikuwa magumu zaidi. Mimi ni mtu wa viatu vya visigino virefu kwa zaidi ya miaka 15, na vifundo vyangu vya miguu vimekuwa vigumu kiasi kwamba kila nilipochuchumaa pekupeku visigino viliinuka vyenyewe. Kocha alileta kipande cha ubao chenye unene wa kama sentimita mbili, akakiweka chini ya visigino vyangu, na papo hapo nikashuka hadi chini nikiwa nimenyooka. Nilicheka, kwa sababu ubao ule ulikuwa unafanya kazi ile ile ya kiatu: viatu vya wanyanyuaji wa mashindano ya Olimpiki vina kisigino kigumu kilichoinuliwa karibu kiasi hicho, kwa sababu hiyo hiyo. Vilevile, kanuni za IPF, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kuchuchumaa na kunyanyua vyuma, zinamtaka mshindani awe na viatu, na ndiyo maana wengi wao huchagua vile vyembamba vya kufunika unyayo tu wanapofika kwenye dedilifti. Kwa hiyo anayekwambia kuwa kiatu ni adui wa mnyanyuaji hajakwambia yote, na bahati nzuri kocha huyu, akiwa ndani ya ukumbi wake, halisemi hilo.

Jambo lingine alilolifanya vizuri ni kutokuwa na haraka. Wiki ya kwanza aliniruhusu mazoezi ya kusimama pekupeku kwa dakika kumi tu, na zilizobaki nilizitumia kwenye mazoezi ya kukaa na kulala. Niliona ananichelewesha, hadi asubuhi ya siku ya pili nilipoamka na misuli ya nyuma ya goti hadi kisiginoni ikiwa imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Miguu iliyozoea kushikiliwa na kiatu huhitaji wiki nyingi kujifunza kujishikilia, na anayeruka hatua hiyo anaweza kuumiza hata mfupa. Kwa wenye haraka, ukumbi huu utawachosha.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida. Kuna chuma kimoja kirefu cha kilo 20 cha kiwandani, viwili vya kuchomelea, madambeli ya kutosha, na sahani za uzito ambazo baadhi zimetengenezwa na mafundi wa hapa hapa mjini na kupimwa kwa mizani ya nafaka ya aina unayoiona kwenye soko la mahindi la Kibaigwa. Mbili kati ya zile zilizoandikwa kilo 10 hazilingani, na wazoefu wanazijua. Sahani zote hukaa chini, hazitundikwi juu ya kiuno, na ni marufuku kupita mbele ya mtu anayenyanyua. Wageni wengi huuliza vidole vitakuwaje sahani ikianguka, na jibu la kocha ni la kweli, kwamba sahani ya kilo 20 haitambui raba ya kitambaa.

Usafi ni suala ambalo katika ukumbi wa viatu ungeweza kulipuuza, lakini si hapa. Watu 30 wakikanyaga mpira mmoja kwa jasho, fangasi za vidole na chunjua za virusi hazihitaji mwaliko, na dawa yake ni kupiga deki kwa maji yenye klorini kila siku na kuacha sakafu ikauke. Siku zenye maji hufanyika hivyo, na kuna ndoo na taulo la kunawia miguu mlangoni. Tatizo ni siku za mgao. Mji umekua kuliko visima vya Mzakwe vinavyoulisha, kila mkazi wa Dodoma analijua hilo, na ukumbi unaotegemea miguu mitupu ulipaswa kuwa na tangi lake la akiba. Mara mbili nilikuta sakafu ina vumbi jekundu la tangu jana na ndoo tupu, nilirudi nyumbani. Tangu hapo hubeba taulo langu, jambo ambalo nalipendekeza kwa yeyote atakayejiunga.

Sasa nifike kwenye Jumamosi. Ukutani kuna picha ya Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akikimbia pekupeku kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, Mwafrika mweusi wa kwanza kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Kila mwanachama mpya husimuliwa habari hiyo chini ya picha. Asichosimuliwa ni kwamba Bikila alivua viatu kwa sababu jozi alizozipata kule hazikumkaa vizuri, na kwamba mwaka 1964 aliitetea dhahabu yake Tokyo akiwa amevaa viatu, tena kwa muda mfupi zaidi, saa 2 na dakika 12. Kwa nguvu ya nusu hiyo ya hadithi, kila Jumamosi asubuhi kundi zima hutolewa nje kukimbia na kuruka pekupeku kwenye uwanja wa udongo ulio wazi nyuma ya nyumba, na hapo ndipo hoja yote ya sakafu inaposahaulika.

Mtu yeyote aliyekulia kanda hii ya kati anaijua mbigiri. Ule mche mdogo unaotambaa huzaa tunda lenye miiba pande zote, kiasi kwamba likianguka vyovyote vile mwiba mmoja utaelekea juu, na mvua zikiisha udongo hujaa matunda hayo yaliyokauka na kuchukua rangi ya mchanga. Baiskeli zinatoboka, sembuse unyayo wa mtu wa ofisini. Uwanja huo haukufagiwa wala kukaguliwa hata Jumamosi moja niliyokuwapo. Unapita mifugo, una vipande vya chupa, na mwezi wa Oktoba, ikifika saa nne asubuhi, mchanga wake unaunguza. Jumamosi yangu ya tatu nilikanyaga kipande cha chupa chini ya dole gumba. Nilipouliza sanduku la huduma ya kwanza nikaambiwa halipo, nikafungwa leso ya mwenzangu, na nikaenda mwenyewe kuchomwa sindano ya pepopunda, kwa kuwa vimelea vya ugonjwa huo hukaa kwenye udongo na samadi, na kidonda cha kuchomwa kwenda ndani ndicho wanachokipenda. Sijataja minyoo ya safura, ambayo huingia mwilini kupitia ngozi ya unyayo kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Mama yangu, aliyetembea pekupeku kwenda shule kwa sababu hakuwa na la kuchagua, alinitazama nikichechemea na kuuliza ni shilingi ngapi nililipia kurudishwa kule alikotoka yeye.

Kuna jambo lililoniudhi kuliko kidonda hicho. Mwezi wa pili alijiunga mzee mmoja mstaafu, mwenye kisukari cha siku nyingi, naye akaamriwa avue viatu kama wengine kwa hoja kwamba sharti ni sharti. Kisukari cha muda mrefu huweza kuua hisia za neva za miguuni, na mtu wa namna hiyo anaweza kukanyaga mwiba asubuhi akaugundua jioni anapovua soksi, wakati kidonda chake kinapona kwa shida. Ndiyo maana wagonjwa wa kisukari hushauriwa wasitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Nilimwambia kocha hayo kando, kwa adabu, nisimwaibishe mbele ya vijana wake. Alisikiliza, na wiki iliyofuata mzee alikuwa na raba zake za turubai zenye soli nyembamba, zilizooshwa na kutumika ndani tu. Nampa kocha haki yake kwa hilo. Hata hivyo, karatasi ya kujiunga bado haiulizi swali lolote la afya, na mteja hapaswi kutegemea kuwa kutakuwa na mama mmoja mdadisi karibu.

Ahadi za mdomoni nazo zinahitaji kupunguzwa. Nimesikia vijana wa hapo wakiwaambia wageni kuwa pekupeku inatibu magoti, kiuno, hata kukosa usingizi. Kampuni ya Vibram, inayotengeneza vile viatu vya vidole vitano vinavyoiga mguu mtupu, mwaka 2014 ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani waliodai kuwa matangazo yake ya manufaa ya kiafya hayakuwa na ushahidi, ingawa haikukiri kosa. Ukumbi wa Ilazo hautashtakiwa na mtu, lakini ungefanya vyema kusema tu kile ambacho sakafu yake inakitoa: msimamo imara, mafundisho mazuri, na miguu inayojua ilipokanyaga.

Kwa kinamama nitaongeza kwamba kuna saa yao ya peke yao, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni, madirisha yana pazia, na vijana wanasalimia kwa heshima. Choo ni kimoja, na viatu vya kuingilia humo ni ndala mbili za pamoja ambazo sizigusi.

Nimelipia miezi mingine mitatu. Nimempa kocha orodha yangu kwa maandishi: tangi la maji, sanduku la huduma ya kwanza, swali la kisukari kwenye karatasi, na ufagio wa uwanjani. Sanduku limeshanunuliwa, lipo juu ya rafu ya viatu. Mengine nayasubiri, na mpaka uwanja ufagiwe, Jumamosi naenda nikiwa na raba zangu miguuni, jambo ambalo amelikubali kwa kununa kidogo.