Speakerboxxx/The Love Below ya OutKast: mimi niko upande wa Big Boi

Albamu hii ina ubishi wa miaka mingi, na upande wangu nautaja mapema. Kati ya diski zake mbili, ninayoirudia ni Speakerboxxx, ya Big Boi. Najua wengi watanipinga. Tangu OutKast waitoe Septemba 2003, habari iliyoshika ni kwamba André 3000 alileta maajabu kwenye The Love Below, mwenzake akaleta rap ya kawaida ya kujazia kasha. Nami niliinunua kwa ajili ya "Hey Ya!" ya André, kama karibu kila mtu niliyekuwa namfahamu wakati ule.

Kwa ambaye hakuwafuatilia: OutKast ni wawili, Antwan Patton ndiye Big Boi na André Benjamin ndiye André 3000, walijuana tangu wanasoma sekondari huko Atlanta, Georgia. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1994. Mwaka uliofuata, kwenye tuzo za jarida la The Source jijini New York, ukumbi uliwazomea walipopanda jukwaani, na André akajibu kwamba Kusini mwa Marekani nako kuna la kusema. Miaka ikapita, André akachoka kuchana, yaani kurap, akaanza kutengeneza kazi yake mwenyewe ya kuimba mapenzi. Big Boi naye akaandaa ya kwake. Mwishowe zikafungwa pamoja kwa jina la kundi, zikawa saa mbili na ushee za muziki. Ndiyo maana humo ndani hawakutani sana.

Tuanze na wimbo wenyewe uliouza. "Hey Ya!" ukipigwa harusini hata wazee huacha viti. Lakini kaa siku moja uhesabu mapigo yake, hapo ndipo utamu ulipo. Unahesabu nne, nne, nne, vizuri kabisa, mara unakatwa na mbili, kisha nne na nne nyingine, halafu mzunguko unaanza upya. Jumla yake ni 22, hesabu ambayo hukutani nayo kwenye nyimbo za disko. Mchezaji haoni tatizo, anayehesabu ndiye anajikwaa. Na maneno yake sasa! Ni wimbo wa watu wanaoendelea kukaa pamoja ilhali mapenzi yameshakwisha, kwa sababu tu mama na baba zao walivumiliana. Katikati André anawasuta wasikilizaji kwamba hawana haja ya kumsikia, wao wanataka kucheza tu. Sijawahi kumsikia MC akiwaeleza maharusi hilo, na pengine afadhali. Ule mstari wa kutikisa picha ya Polaroid nao ulivuma hadi kampuni yenyewe ikatoa tahadhari kuwa kuitikisa picha kunaweza kuiharibu.

Wimbo kama huo ukiwa ndani ya diski yako, watu watakusamehe mengi, na kwenye The Love Below kuna mengi ya kusamehe. Inakaribia dakika 80. Kuna vipande vya maongezi na maigizo ambavyo ukivisikia mara ya kwanza unacheka, mara ya pili unatabasamu, baada ya hapo kidole chako kinajua chenyewe pa kubonyeza. Kuna nyimbo zilizoachwa nusu, kana kwamba mpishi alipakua wali kabla haujakauka. Sauti ya André si ya mwimbaji, na yeye mwenyewe anaijua mipaka yake, kwa hiyo anajificha kwenye sauti nyembamba ya juu, namna ya Prince. Pale inapokubali, inakubali kweli. "Prototype" ni wimbo wa mapenzi uliotulia, gitaa la besi linatembea taratibu huku mtu anamshukuru mpenzi wake hata kama hawatafika mbali. "Take Off Your Cool" alioimba na Norah Jones ni mfupi na hauna pambo, ungekuwa mrefu ungeharibika. Na "She's Alive", kuhusu mama anayelea mtoto peke yake, una sauti ya mama yake mwenyewe akisimulia. Huo huwa siuruki.

Kwenye diski yote hiyo anachana kwa uchache sana. Kipande cha mwisho, "A Life in the Day of Benjamin André", ndicho anachochana kwa kirefu, anasimulia maisha yake kutoka shule hadi umaarufu bila hata kiitikio, na unabaki kujiuliza kwa nini alituweka njiani muda wote huo. Mke wangu hakubaliani nami hapa. Yeye anasema kuchana aliwachania tangu 1994, aachwe aimbe, na kwamba Big Boi anamchosha kwa maneno mengi ya haraka. Hoja yake naiheshimu, ila redio ya gari tunagombania.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu, kijana aliyezaliwa albamu ikiwa tayari sokoni. Nilimwekea The Love Below nikitaraji ashangae. Akasikiliza nyimbo kadhaa, akauliza, "Anko, kwani cha ajabu ni nini hapa? Mbona wote wanaimba hivi?" Kweli. Yeye amekulia kwenye rap ya kuimba. Rapa Kanye West alitoa albamu ya 808s & Heartbreak mwaka 2008 akiimba karibu mwanzo mwisho, baada yake akaja Drake, na leo rapa kuimba kuhusu moyo wake ndiyo desturi. Kilichotushtua sisi 2003 kwake ni cha kila siku. Lakini nilipomhamishia upande wa pili, kwenye "Ghetto Musick", alikaa vizuri kwenye kiti.

Na ndipo nami nakaa vizuri. "Ghetto Musick" unaingia kwa kasi ya ajabu, biti ya kompyuta inayogonga kama imekasirika, Big Boi anachana juu yake bila kukosa hatua. Halafu ghafla kila kitu kinashuka. Inaingia sauti ya Patti LaBelle kutoka wimbo wake wa zamani, polepole, laini, mtu anaimba kuhitaji na kupenda. Unashusha pumzi. Kabla hujaizoea, ile kasi inarudi kukutoa usingizini. Na kwa wanaogawa kazi hii kwamba wa maajabu ni André na wa kawaida ni Big Boi, biti hii ya diski ya Big Boi aliitengeneza André.

Zaidi ya hapo, Big Boi anazungumzia mambo ya mtu mzima. "The Rooster" ni kelele za tarumbeta kama bendi ya shule inapita mtaani, kumbe ndani yake ni mwanamume anayehangaika na ugomvi wa nyumbani na malezi ya watoto. "War" inauliza maswali kuhusu vita vya Marekani vya wakati ule na kumtaja Daniel Pearl, mwandishi wa habari aliyeuawa Pakistan mwaka 2002. Ni siasa kwenye albamu iliyokuwa ikipigwa disko, mwaka ambao kuisema serikali yao kulikuwa na gharama. "Unhappy" una kiitikio cha huzuni kinachoimbika. "Reset", pamoja na Khujo na CeeLo wa kundi la Goodie Mob, ni wa kusikiliza usiku ukirudi kazini.

Si kwamba yote ni asali. Kuelekea mwisho wageni wanakuwa wengi, "Tomb of the Boom" ni foleni ya marapa kila mmoja na zamu yake, na "Last Call" wangeuacha studio nisingeulizia.

Kuhusu tuzo sina mengi. Februari 2004 ilichukua Grammy ya Albamu ya Mwaka, miaka mitano baada ya rapa mwenzao Lauryn Hill kuichukua. "Hey Ya!" ulikaa kileleni mwa chati ya Billboard wiki tisa, kisha uliouondoa ni "The Way You Move" wa Big Boi huyo huyo anayeitwa wa kujazia. Mauzo yakapewa cheti cha almasi, cha nakala milioni kumi, ingawa ikumbukwe Marekani albamu ndefu ya diski mbili huhesabiwa kila diski peke yake.

Kwa anayetaka kuijaribu leo: usiisikilize yote kwa mkupuo, utachoka na utaichukia bure. Anza na Speakerboxxx kutoka mwanzo hadi "Reset", siku nyingine uchukue The Love Below na uwe huru kuruka. Spika ya simu isahau, besi ya "The Way You Move" haisikiki kabisa humo. Tafuta redio yenye nguvu au gari la jirani mwenye spika kubwa. Kwa jumla naipa nyota nne kati ya tano; Speakerboxxx peke yake ningeipa nne na nusu, The Love Below tatu na nusu.

Na kama kuna watoto nyumbani, angalia. Lugha ni chafu sehemu nyingi, pande zote mbili. "Roses" ndio mtego mkubwa kuliko yote, kwa sababu kiitikio chake ni kitamu, kinashikika upesi, na kina neno ambalo hutapenda kulisikia likiimbwa mezani mbele ya bibi.