Kamelia ya elfu arobaini: uzoefu wangu, Kunduchi, Dar es Salaam

Niseme mapema, na mche wenyewe sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na maneno niliyouziwa pamoja nao.

Mwezi wa pili mwaka jana nilishuka kwenye bajaji mbele ya kitalu kimoja cha barabara ya Bagamoyo. Nilifuata ukoka wa mbele ya nyumba, nikakuta kichaka cha kimo cha goti, majani mazito yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta ya nazi. Ua hakikuwa nalo. Ua lilikuwa kwenye simu ya muuzaji: jekundu, petali zimepangana mzunguko kwa mzunguko, zuri mpaka unashuku ni la plastiki. "Mama, hii kamelia, imetoka Lushoto. Inapenda jua, haichagui udongo, na ikichanua nyumba nzima inanukia kama asumini." Alianzia elfu hamsini, tukamalizana kwa arobaini. Kwa elfu tano nyingine akaja nao na boda mpaka nyumbani, akachimba shimo karibu na ukuta wa mbele, akashindilia udongo mpaka ukapanda juu ya shina, akamwagia na majivu, eti ya kufukuza mchwa. Dakika ishirini, kazi imekwisha.

Kabla masika hayajakolea majani mapya yalianza kutoka manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani, kama ramani ya mito. Majani ya zamani yaliyoelekea ukutani yakaungua ncha. Nikampigia yule muuzaji. "Ongeza maji, Mama, na majivu kidogo." Nikaongeza vyote. Ukazidi kuchakaa.

Aliyeniokoa ni jirani, mama mtu mzima aliyekulia Mufindi na kuchuma chai ujana wake wote. Alikuja kuazima ungo, akapita pale mlangoni, akasimama. Akachuma jani, akalikunja, akapapasa meno ya pembeni. "Mwanangu, hii mbona chai?" Nikamwambia siyo chai, ni ua. Akacheka. Kumbe hakukosea sana: chai ni *Camellia sinensis*, na hili ua langu la *Camellia japonica* ni ndugu yake wa ukoo mmoja. Alipoona weupe wa majivu pale chini alishika kiuno. "Chai hailishwi majivu! Nani kakufundisha?"

Ukoo huu unataka udongo wenye tindikali kidogo, pH (kipimo cha tindikali) kama 5.5 mpaka 6.5. Majivu yanafanya kinyume kabisa. Na Kunduchi ni mahali pa mwisho pa kusema mmea hauchagui udongo: tumekalia mawe ya matumbawe, na kiwanda cha saruji kiko Wazo kwa sababu chokaa iko pale pale. Nilichota kijiko cha udongo wa shimoni, nikakitia kwenye kisosi na kudondoshea siki. Kikachemka povu kama soda, ndiyo chokaa hiyo. Kwenye udongo wa namna hiyo madini ya chuma yanaweza kuwemo tele na mmea usiweze kuyanyonya, ndiyo ile manjano. Juu ya hayo nilikuwa namwagilia maji ya kisima, na ya kwetu ukiyachemshia birika yanaacha ukoko mweupe wa chokaa.

Mwezi wa tano, mvua zikiwa bado zipo, tukaung'oa. Mizizi yake ni ya juu juu, myembamba, haikwenda chini hata shubiri moja, na ile iliyofukiwa zaidi ilishaanza kuwa myeusi na laini. Jirani alikata iliyooza, tukauhamishia kwenye chungu kikubwa cha udongo chenye matundu manne. Humo tuliweka udongo wa Pugu (nilioupima kwanza kwa siki, ukatulia kimya), mboji ya majani, na makumbi ya nazi niliyoyaloweka na kuyasuuza mara tatu kutoa chumvi. Shina safari hii likaachwa juu kidogo ya udongo. Sahani ya chini nimeitupa, maana wakati wa masika inageuka bwawa.

Tukaanza kutafuta pa kukiweka chungu, na hapa ndipo ningependa muuzaji angenisaidia hata kwa sentensi moja. Kwenye baraza upepo wa baharini ulikikausha. Nyuma, jikoni, joto. Nikaishia upande wa mashariki chini ya mwembe: jua linakipata mpaka kama saa tatu na nusu asubuhi, baada ya hapo ni kivuli chenye mwanga mpaka jioni. Ukuta uko mbali, zege halikirudishii joto. Maji ni ya mvua niliyokinga kwenye simtanki. Yakiisha, ya bomba. Juu natandaza majani makavu na makapi ya chai yetu ya asubuhi, jambo linalomchekesha mume wangu, eti namlisha mtu nduguye. Mwaka huu mwezi wa tatu sisimizi walikuwa wanapanda foleni. Nilipofuata njia yao nikakuta vidung'ata, wale wadudu wadogo wanaofyonza mmea, chini ya majani. Kitambaa na maji ya sabuni, wiki mbili, wakaisha.

Maua? Nilihesabu vitumba kumi na moja. Vinane vilidondoka vikiwa vimefumba. Kamelia hutunga vitumba wakati wa joto, lakini kuvifungua inataka ubaridi, na ubaridi wa Dar ni ile miezi ya upepo wa kusi tu, tena wa kuazima. Vitatu vilifunguka mwezi wa saba. Vizuri, sibishi, vya kuita majirani. Nikainama kunusa. Hamna kitu. Aina hii karibu yote haina harufu, na mtu wa kitalu alipaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Mche naupa nyota tatu: majani pekee yanapendeza mwaka mzima, mradi una kivuli, chungu na subira. Huduma, moja, na hiyo ni ya boda kufika salama. Ukikaa kwenye matumbawe kama mimi usiupande ardhini, na usilipe hela ya kupandiwa kabla hujamuuliza anaweka nini shimoni.

Lile shimo la ukutani nimelitia asumini, mche wa elfu tatu. Jioni tukikaa nje inanukia mpaka kwa jirani.