Kidude cha OBD2 cha "kuokoa mafuta": taa zinawaka, mafuta yanaisha vilevile

Unakichomeka kwenye tundu la OBD2, lile ambalo fundi huchomeka mashine ya kusoma hitilafu, chini ya usukani. Maelezo yanasema kitakusoma unavyoendesha kwa kilomita mia moja au mbili hivi, kisha kipange upya kompyuta ya injini ili gari lile mafuta kidogo.

Fungua kasha. Tundu la gari lina pini 16: ya 16 ni umeme wa betri, ya 4 na ya 5 ni hasi, ya 6 na ya 14 ndizo za CAN, mtandao ambao kompyuta za gari huzungumzia. Vidude vingi vya aina hii havina kabisa chipu ya CAN; kilichomo ni kichipu cha kuwashawasha taa. Bubu huyo ataiambia nini kompyuta?

Ndugu zake hawana nafuu. Petroli haishikwi na sumaku, kwa hiyo sumaku ya kwenye bomba ni pambo. Feni ya njia ya hewa inaziba hewa tu. Mtambo wa kutengeneza hidrojeni kutoka kwenye maji unakula umeme wa alteneta, na alteneta inazungushwa na injini hiyohiyo inayochoma petroli. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100: vilivyosaidia ni vichache mno, na baadhi ya hivyo viliongeza uchafu wa moshi.

Wanaosifia huwa wamebadilisha mguu, si gari: aliyetoa hela hukanyaga polepole. Ukitaka kupima, jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, usiongezee. Sifurisha kilomita, tembea 400 au zaidi, jaza tena pampu ileile. Kilomita 480 kwa lita 40 ni 12 kwa lita. Fanya tangi tatu bila kidude, tatu nacho, tatu bila tena. Mshale wa dashibodi usiutegemee, na tofauti ya asilimia 3 inaweza kuwa upepo au foleni.

Gari likila kupita kawaida, anza na themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ikikwama wazi injini haipati joto, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi kama ya kuwasha asubuhi injini ikiwa baridi. Kisha sensa ya oksijeni, inayopima moshi ili kompyuta ijue kiasi cha mafuta: ikiharibika, mafuta yanaweza kuzidi. Upepo wa tairi ukishuka psi 6 magurudumu yote, unapoteza asilimia 1 na kitu. Ni kidogo, ila kuujaza hakuna gharama. Mwisho breki: baada ya mwendo usio na breki nyingi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Inayotoa joto peke yake, kalipa yake (kifaa kinachobana breki) imeng'ang'ania.