Tiketi ya Kriketi Uwanjani, Inastahili Hela Inayoombwa?

Habari zenu wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo bidhaa yetu haina boksi wala chaja, ni tiketi ya kuingia uwanjani kuangalia kriketi laivu. Nimeamua kuichambua vilevile ninavyochambua simu, kwa sababu kiingilio siku hizi kimefika pabaya, na anayeumia ni yule shabiki mwenye mapenzi ya kweli na huu mchezo, na hilo linaniuma sana.

Tuanze na bei inayotangazwa na bei unayolipa, maana ni vitu viwili tofauti. Chukueni IPL, ile ligi kubwa ya kriketi ya India. Tarehe 22 Septemba 2025 kodi ya GST kwenye tiketi za IPL ilipandishwa kutoka asilimia 28 mpaka 40. Kwa hiyo tiketi ya rupia 1,000 ambayo zamani ulikuwa unatoa 1,280 sasa unatoa 1,400, yaani mia nne nzima imeondoka hujapata hata maji ya kunywa, na hapo bado hujafika kwenye ule ukurasa wa mwisho wa malipo ambako unakutana na ada ya huduma. Na viwanja vingi haviruhusu uingie na chakula chako, kwa hiyo njaa yako nayo ina bei yake humo ndani.

Sasa mtu ataniambia ligi inahitaji hela. Jamani, haki za matangazo za IPL za mwaka 2023 mpaka 2027 ziliuzwa kwa rupia zaidi ya bilioni 483! Hela kubwa inatoka kwenye matangazo, sio mfukoni mwa anayekaa jukwaani. Na hao wa matangazo wanachonunua ni pamoja na zile kelele, ule umati, bendera zinapepea, mpira ukivuka kamba ya mpaka wa uwanja watu wanaruka. Mashabiki ni sehemu ya bidhaa inayouzwa, halafu wao ndio wanatozwa kana kwamba bila wao hakuna hasara yoyote.

Tatizo la pili kwangu ndio kubwa kuliko yote, kwamba unalipia kitu ambacho hakuna anayeweza kukuahidi. Mechi ya Test, yaani kriketi ndefu ya timu za taifa, inapangiwa siku tano na tiketi inauzwa kwa siku, miezi kabla. Wewe umechagua siku ya tatu kwa sababu ndio siku uliyopata ruhusa kazini. Sasa angalieni Ashes ya 2025 kule Australia, zile Test za Australia na Uingereza, mechi ya kwanza Perth iliisha ndani ya siku mbili, mpigaji wa Australia Travis Head kapiga mikimbio 123 kama ana haraka ya kwenda mahali, halafu mwezi uliofuata Melbourne nako siku mbili tu, siku ya kwanza watu zaidi ya 90,000 wamejaa uwanjani, siku ya tatu hakuna mchezo. Hela ya tiketi unarudishiwa, sawa. Nauli ya ndege je? Hoteli uliyolipia usiku tatu? Hiyo imekula kwako.

Na hata mechi ikiendelea vizuri, siku moja inatakiwa iwe na ova 90, ova moja ni mipira sita ya mrushaji mmoja, kwa hiyo ni mipira 540. Timu zinachelewesha, kapteni anapanga na kupangua wachezaji wake, glavu zinabadilishwa, maji yanaletwa, na muda ukiisha ova zilizobaki zimepotea hivyo hivyo. ICC, baraza la kriketi la dunia, inawapiga faini na inawakata pointi za ubingwa wa dunia wa Test, lakini wewe uliyelipia tisini ukapewa themanini hurudishiwi hata senti. Hebu niambieni ni bidhaa gani nyingine unapewa pungufu halafu faini inaenda kwa mtu mwingine? Mvua nayo ina mambo yake, kwa kawaida ukishaona ova kadhaa tu basi haki yako ya kurudishiwa inapungua au inaisha kabisa, kila uwanja una idadi yake, kwa hiyo kile kipengele cha mvua kisome kabla hujabonyeza kulipa.

Gharama za pembeni sitazimaliza leo ila mfano wa Kombe la Dunia la kriketi 2023 kule India lazima niutaje. Michuano inaanza tarehe 5 Oktoba, ratiba imetoka tarehe 27 Juni. Watu wakakimbilia kubuki Ahmedabad kwa ajili ya India na Pakistan tarehe 15 Oktoba, hoteli zikapandisha bei mpaka ikawa habari duniani, halafu mechi ikarudishwa nyuma siku moja, ikawa tarehe 14. Mtu ameshalipia ndege! Na kwenye uwanja huo huo unaobeba watu 132,000, mechi ya ufunguzi ya Uingereza na New Zealand ilianza viti vingi vikiwa vitupu. Kuna shabiki alikosa tiketi na kuna kiti kilikosa shabiki, ndani ya mashindano hayo hayo. Wapangaji wanajua wazi mechi ipi tutauza hata figo ili tuione, na wanaiwekea bei kulingana na hilo. New York 2024, Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi ya ova 20 kila timu, India na Pakistan, siti ilifika mamia ya dola na zile za kifahari maelfu, wakati tiketi za chini kabisa za michuano hiyo zilianzia dola 6. Mechi yenyewe ilikuwa tamu, India mikimbio 119 wametolewa wote, Pakistan wakaishia 113, Bumrah, mrushaji wa India, alikuwa moto. Utamu huo siukatai. Ila baba mwenye watoto wawili hela ya kuulipia ataitoa wapi?

Tuje kwenye siti, hapa sikilizeni vizuri. Ukikaa ubavuni mwa pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapodundia, unaona mpira umedunda mbali au karibu na mpigaji, lakini kama ulipinda kushoto au kulia hupati kitu, unasubiri skrini. Siti ya maana ni ile iliyonyooka nyuma ya mrushaji, na ukiweza ya juu juu, hapo unaona mpira unavyotembea hewani na unaona kapteni amewapanga watu wake vipi, na huo mpangilio wote kwa pamoja kamera ya tivii inakuonyesha mara chache tu. Hiyo ndio sababu pekee ya kulipa zaidi. Ukiona siti ya ubavuni, jua la kutwa, haina kivuli, inauzwa karibu sawa na ya nyuma ya mrushaji, iache.

Na msiniambie bei haiwezi kushuka. Uwanja wa Lord's kule London mwaka 2024, siku ya nne ya Test ya Uingereza dhidi ya Sri Lanka, tiketi karibu pauni 100 na viti vimebaki wazi mpaka aibu. Mwaka uliofuata, fainali ya ubingwa wa Test ya Afrika Kusini na Australia, wenye uwanja wakashusha bei, watu wakaja, na wakaishuhudia Afrika Kusini ikibeba kombe. Kombe la Dunia la wanawake 2025 kule India, tiketi za hatua ya awali zilianzia rupia 100, mia moja tu, na kufika fainali ya Navi Mumbai uwanja umefurika. Familia nzima inaingia kwa bei ya siti moja ya IPL na bado chenji inabaki.

Kwa hiyo maksi zangu: mechi kubwa ya T20 kwa bei ya juu naipa nne kwa kumi, kaa nyumbani. Test siku ya kwanza au ya pili, siti ya nyuma ya mrushaji, naipa saba. Siku ya nne usinunue mapema, subiri uone mechi inaelekea wapi. Mechi za wanawake nazipa tisa, na hiyo moja nimeikata kwa sababu ya ada za mtandaoni tu.

Na walanguzi pale nje ya geti msiwape hela, tiketi feki zipo na hakuna wa kumlalamikia. Sasa niandikieni hapo chini jumla yote mliyolipa, tiketi, kodi, nauli, malazi, na mliona ova ngapi. Nitazichambua kwenye video ijayo.