Kisanduku cha rangi 12, baada ya kiangazi na masika

Nimengoja mwaka mzima kabla ya kuandika haya, na si kwa uvivu tu, ingawa uvivu nao ulikuwepo. Rangi za maji ukizijaribu siku ya kwanza kila kitu ni kizuri: vidonge vinang'aa, ncha ya brashi imechongoka, karatasi nyeupe pe. Mambo huanza hewa inapogeuka. Nami nilizinunua kwa ajili hiyo hasa, nichore mwaka unavyogeuka, kidogo kidogo, nikitoka zamu.

Mimi ni muuguzi, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Nikirudi asubuhi usingizi hauji papo hapo. Miguu imechoka lakini kichwa bado kinahesabu matone ya dripu. Zamani nilikuwa nashika simu mpaka macho yaume. Siku hizi nakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, kisanduku mapajani, robo saa hivi, nautazama mti wa mkungu ulioko uani, kisha nakwenda kulala. Kuchora sijui. Nalisema mapema asije mtu akadhani anasoma maneno ya msanii. Shuleni niliwahi kuchora ng'ombe, mwalimu akanisifu kwa kiti kizuri.

Ndani ya seti kuna kisanduku cha bati kinachoenea mfukoni, vidonge 12 vya rangi, brashi moja inayobeba maji kwenye mpini wake, daftari la kurasa 80, na kijitabu cha maelekezo ya kuchora majira. Hicho kijitabu nakimaliza haraka. Kimegawa mwaka mafungu manne: maua, jua, majani yanayopukutika, theluji. Anayeishi na majira hayo huenda kikamfaa. Mimi Januari nilifungua fungu la theluji huku jasho linanitiririka mgongoni, nikakikunja na kukiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Kiko huko mpaka leo na kazi hiyo kinaifanya vizuri, maskini.

Kilichonitoa hapo ni jambo nililowahi kusoma kuhusu kalenda ya zamani ya Japani. Mwaka waliugawa vipande 72, kila kimoja siku 5 hivi, na kila kipande kikapewa jina la kitu kinachoonekana wakati huo. Kimoja maana yake ni kwamba majani yaliyooza yamegeuka vimulimuli. Mpango wenyewe ulitoka China, lakini majina ya kule hayakukaa sawasawa na hali ya Japani, ndipo mnajimu Shibukawa Shunkai akayarekebisha mwaka 1685. Nikasema, ikiwa yeye alirekebisha, mimi nimekatazwa na nani? Daftari lina kurasa 80. Vipande ni 72. Nane zinabaki za kujaribia rangi. Ikawa kila baada ya siku 5 ukurasa mmoja, na jina nalitunga mwenyewe.

Kurasa zangu basi zina majina kama "Vumbi kwenye meno", "Kumbikumbi wazima taa", "Sare haikauki", "Chura mmoja asiyejua kunyamaza". Kuna moja inaitwa "Jirani kahamisha kiti". Jirani yangu huota jua la asubuhi kwenye kiti cha plastiki, upande wa kushoto wa mlango wake. Wiki moja nikaona kiti kipo kulia. Nikadhani wamegombana ndani. Kumbe jua limesogea, kivuli cha ukuta kimelala pale alipozoea kukaa. Tangu darasani najua dunia imeinama nyuzi 23.5 hivi; sikujua kama kuinama huko kunafika hadi kwenye kiti cha mzee wa watu. Nilichora kiti tu, buluu iliyopauka, na ukuta. Ni ukurasa mbaya kuliko yote na ndio ninaoufungua mara kwa mara.

Sasa rangi zenyewe. Kwenye karatasi ya kila kidonge kumeandikwa namba ya kutambulisha aina ya chembe za rangi zilizotumika, na hilo nalipongeza, maana seti nyingi za bei ya chini hazikwambii kitu. Buluu ni PB29, ile ambayo zamani ilisagwa kutokana na jiwe la lapis lazuli na sasa hutengenezwa kiwandani. Hudhurungi ni PBr7, rangi ya udongo. Changanya hizo mbili na maji mengi upate kijivu cha wingu la mvua kisichopatikana kwenye kidonge cheusi hata ukikisugua mpaka kesho. Uzuri wake ni kwamba chembe za ile buluu hupenda kushikana makundi makundi. Maji yakitulia zinazama kwenye vishimo vya karatasi, na wingu linajitia madoadoa lenyewe. Mara ya kwanza kulitokea hilo nilishikilia brashi hewani kama mtu anayengoja mtoto asiamke.

Kijani kilichomo kina kelele. Jani la rangi hiyo sijaliona, labda la plastiki. Niliachana nacho nikawa nachanganya njano na buluu, na hapo ndipo nilipogundua kuwa miaka yote nimekuwa nikiuita mkungu ule "wa kijani" bila kuutazama. Jani changa lina njano nyingi na linapitisha mwanga. Jani pevu ni zito, buluu imezidi, na juu linang'aa kama limepakwa mafuta. Halafu kuna majani ya kuagana. Klorofili, ile inayolipa jani ukijani wake, inavunjika na wekundu unajitokeza, lakini haushuki kwa pamoja: mishipa inabaki ya kijani siku mbili tatu zaidi, kama ramani ya mito, huku katikati ya mto na mto pameshaiva nyekundu na zambarau. Binti wa kaka yangu alikuja likizo, akaniona nimeshika jani lile.

"Shangazi, mti unaumwa?"

"Hauumwi. Unajivua tu."

"Mbona una vipele?"

Kweli, vilikuwepo, vidoa vyeusi vya ukungu ambavyo mimi nilikuwa nimevirukarukia kwenye mchoro wangu. Nikavirudisha kimoja kimoja. Muuguzi mzima nafundishwa kukagua ngozi na mtoto wa miaka saba.

Kwenye jani hilo ndipo seti iliponiangusha. Nyekundu yake ni PR83. Nilipaka mstari kwenye kipande cha karatasi, nusu nikaifunika kwa kadi, nikakibandika dirishani. Miezi mitatu baadaye nusu iliyofunikwa ilikuwa nyekundu na nusu ya juani imekuwa ya waridi iliyochoka. Daftari likikaa limefungwa haina tabu sana, ila ukitaka kutundika mchoro ukutani, tafuta nyekundu nyingine.

Kiangazi kilipokolea, vidonge vilipasuka na viwili vikadondoka kutoka kwenye vyumba vyake. Hilo silihesabu kuwa kosa. Rangi hizi hushikwa na gundi ya mgunga, na gundi ikikauka sana hujikunyata. Tone la maji chini ya kidonge, unakikandamiza, kinashika tena. Gundi hiyo yenyewe huvunwa wakati wa ukame: mti hukwanguliwa gome, utomvu ukatoka na kugandia hapo hapo juani. Kwa hiyo kila nilipochora mvua nilikuwa naichora kwa kitu kilichotoka kiangazi. Sijui kwa nini hilo linanifurahisha kiasi hiki.

Masika ni habari nyingine. Nilikifunga kisanduku kikiwa na unyevu, siku tatu baadaye vidonge vimeota manyoya ya kijivu. Nikavipangusa kwa spiriti kidogo na tangu hapo nakiacha wazi hadi kikauke. Bawaba imeshika kutu; hilo sasa ni kosa la mtengenezaji, kwani chombo cha rangi za maji hakitakiwi kuogopa maji. Karatasi nayo ni ya gramu 200 kwa mita ya mraba, ikilowa inajikunja kama chapa ya wimbi. Ingekuwa ya 300 ningenyamaza.

Lakini sikilizeni. Hewa ya kiangazi inakausha rangi kabla mkono haujageuka, kila mpako unabaki na ukingo mkali. Hewa ya masika haikaushi. Rangi zinatembeleana, wingu linaingia kwenye mti, mti kwenye ukuta. Mwanzoni nilidhani nimeharibu. Nilipopanga kurasa za majira hayo mawili sakafuni nikaona kuwa hata asiyejua kusoma majina yangu angeweza kuzitenga, hizi za jua, hizi za mvua, kwa kingo zake tu. Nusu ya kazi ilikuwa inafanywa na hewa.

Nyota nne kwa rangi, mbili kwa daftari, na kijitabu muulizeni mguu wa meza. Brashi nilidhani itakufa mapema. Inavuja kidogo kwenye shingo ila ncha yake bado inatoa mshipa wa jani. Kwa anayeanza kabisa nashauri: nunua kisanduku, daftari tafuta lako, na nyekundu badilisha kabla hujaanza.

Nimebakiwa na kurasa tatu. Jana jioni upepo umegeuka, mlango wa nyuma umejibamiza wenyewe mara mbili, na bado sijaupa jina.