Kalipa ya Mitutoyo ya milimita 150 mikononi mwa fundi sanifu mitambo

Katika kazi ya fundi sanifu mitambo, kalipa, yaani kifaa cha kupimia ukubwa wa kitu kwa taya mbili, hushikwa mara nyingi kuliko karibu kifaa kingine chochote cha kupimia, na kasoro zake hujitokeza mapema. Kalipa ya kidijitali ya Mitutoyo ya aina ya Absolute Digimatic, yenye uwezo wa kupima hadi milimita 150, imeniridhisha hasa kwa jambo moja: ukiizima na kuiwasha tena, sifuri yake haipotei, kwa sababu husoma mahali taya ilipo badala ya kuhesabu umbali iliosogea. Anayekereza shafti na kupima kila baada ya mkato anajua hilo linampunguzia mashaka kiasi gani.

Taya huteleza vizuri, hazikwami wala hazilegei. Ukizifunga na kuzielekeza kwenye mwanga, usione hata mstari mwembamba wa nuru katikati. Ukiuona, zifute kwanza kabla ya kulaumu kifaa, maana chembe moja ya chuma yatosha kuharibu kipimo. Ufito wa kupimia kina ni mwembamba na huegemea upande kwa urahisi, kwa hiyo siutumii kwa kazi nyeti.

Ninalotaka mnunuzi alielewe vizuri ni kwamba skrini huonyesha hadi 0.01 mm, ilhali usahihi unaotajwa na mtengenezaji ni ±0.02 mm, tena hapo mkono wa mpimaji haujahesabiwa. Skeli haiko kwenye mstari mmoja na kitu kinachopimwa. Kwa hiyo ukibana kwa nguvu kwenye ncha za taya, taya huinama kidogo na namba hupungua. Chukua shafti ya milimita 25 inayovalishwa beringi kwa kiwango cha k6, yaani alama ya kwenye michoro inayotaja mipaka ya ukubwa wa shafti: kipenyo chake lazima kiwe kati ya milimita 25.002 na 25.015. Nafasi hiyo yote, 0.013 mm, ni ndogo kuliko kosa linaloruhusiwa la kalipa yenyewe. Hapo tumia maikromita, na uiache shafti ipoe, kwa kuwa vipimo vya michoro huhesabiwa katika nyuzi joto 20 za Selsiasi.

Betri yake ni ile ndogo ya duara ya SR44, moja tu. Toleo la kawaida halikukingwa dhidi ya maji ya kupozea, hivyo anayepima kazi ikiwa bado imelowa mashineni achague lile lenye kinga ya IP67, yaani lisilopenywa na vumbi wala maji.