Gari Langu Halikuwa Linachemsha, Nilisema Tangu Mwanzo

Sina tabia ya kuandika maoni kuhusu gereji, lakini hili limenikaa rohoni. Jina la gereji silitaji. Nataka tu mwenye gari la zamani linalozima likishapata joto asizungushwe kama nilivyozungushwa mimi.

Gari langu lina zaidi ya miaka 20. Asubuhi linawaka mara moja, linatembea vizuri dakika 30 au 40, halafu kwenye foleni ya jua la mchana linazima. Halina misi (injini kuwaka kwa kurukaruka), halitetemeki, linakatika ghafla kama taa. Ukipiga stata injini inazunguka lakini haishiki. Ukifungua boneti ukasubiri kama nusu saa, linawaka tena kama kawaida. Na mshale wa joto muda wote uko katikati, haujawahi kupanda. Haya nilimweleza fundi mkuu kabla hajagusa chochote, nikarudia, nikamwonyesha na dashibodi.

"Mama, gari inachemsha hiyo. Wewe niachie."

Kuchemsha! Gari linalochemsha mshale unapanda, maji yanapungua, nguvu zinaisha kabla halijasimama. Langu rejeta ilikuwa imejaa pomoni. Hakusikia. Akaosha rejeta, akabadilisha mfuniko wake, na bila kuniuliza akang'oa themostati, eti haina kazi. Hapa ndipo damu inaponichemka hadi leo. Themostati ndiyo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta ya injini inadhani bado ni baridi na inaendelea kuongeza petroli. Kwa hiyo nililipia kutengenezewa kisichoharibika, nikarudi nyumbani na gari linalokunywa mafuta kuliko nilivyolipeleka.

Siku chache baadaye likanizimia katikati ya makutano, lori linapiga honi nyuma yangu, mwanangu analia kwenye kiti cha nyuma. Nikasukumwa na wapita njia. Mpaka nalifikisha gereji lilikuwa limeshapoa, likawaka.

"Mbona linawaka?" akaniuliza mbele ya wateja wengine, akicheka. Kisha akataka kujua kama huwa naachia klachi vizuri. Nimeendesha miaka 17! Nikamwomba kitu kimoja tu: akae na mimi ndani ya gari hadi lizime, aone kwa macho yake. Akasema hana muda wa kukaa kwenye gari. Akachomeka mashine ya kupimia, haikuonyesha kosa lolote, akatangaza kwamba gari ni zima. Nilitoka pale nimeapa sirudi.

Nilirudi, kwa sababu gari lilizima tena nikiwa jirani na gereji hiyohiyo. Fundi mkuu hakuwepo. Kijana mmoja anayejifunza kazi, mpole, akaja mbio. Swali lake la kwanza likanifurahisha: "Dada, limezima sasa hivi? Usiliache lipoe." Akachomoa waya wa plagi moja, akaweka plagi ya akiba, akaniambia nipige stata. Hakuna cheche. Akainama kutazama dashibodi: injini inazunguka, lakini mshale wa mizunguko umelala kwenye sifuri, hata kucheza hauchezi. "Kompyuta haijui kama injini inazunguka," akasema. Akachukua chupa ya maji ya baridi, akapenyeza mkono chini karibu na puli ya krenki, akadondosha maji taratibu juu ya sensa ya krenki peke yake, kile kifaa kidogo kinachoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, akikwepa bomba la moshi lenye moto. Akasubiri kidogo. "Piga."

Likawaka. Nilitokwa na machozi, nasema kweli.

Baadaye akaifungua sensa, akaipima kwa mita ikiwa ya baridi, ikasoma vizuri. Akaipuliza kwa hewa ya moto huku mita imeunganishwa. Namba ikapanda, ikapanda, kisha ikapotea kabisa. Ndani kuna uzi mwembamba wa shaba uliokatika: ukipoa ncha zinagusana, ukipata joto zinaachana. Ishara ikikatika, kompyuta inaona injini imesimama tu, mara nyingi haiandiki kosa lolote. Ndiyo maana mashine ilinyamaza. Akaniambia ingekuwa cheche zipo, angehamia kwenye pampu ya mafuta, maana nayo ikichoka huwa inagoma ikipata joto, hasa tangi likiwa karibu tupu.

Sensa mpya ikafungwa, na tangu hapo halijazima hata mara moja, hata kwenye foleni ndefu.

Basi nilitaka kuipa gereji hii alama nzuri. Huyo kijana anastahili zote, na ukienda muulizie yeye. Hata fundi mkuu, nikimtendea haki, rejeta aliiosha vizuri. Lakini nilipokwenda kulipa alikuwa amesharudi, akaniambia bila haya, "Si nilikwambia ni joto?" Hapana. Aliniambia linachemsha. Hakuomba radhi kwa lile la klachi, na fedha ya kazi ya kwanza hakupunguza hata kidogo. Kwa hiyo hapana, siwezi kumpeleka mtu pale, labda kijana huyo afungue gereji yake mwenyewe.

Na themostati yangu bado hajanirudishia.